Majivu Gotini

Senga: ni Agnes lililosomwa kutoka mwisho,
ndivyo walivyopenda zamani hapa Motherwell.
Uwanja nao hukimbiwa hivyohivyo, kinyume cha saa,
nami nadhani alizaliwa amekwisha kugeuka.

Naingia saa moja na dakika mbili asubuhi.
Kampuni imenipa robo saa: dawa, soksi, uji wa shayiri.
Simu yangu inahesabu. Yeye anaikodolea
kama mtu aliyekutana na hasimu wa zamani sokoni.
"Robo saa? Mimi ningemaliza mara tatu
na ukabaki muda wa kufunga kamba."

Mita elfu moja na mia tano.
Dakika nne, sekunde kumi na moja:
anazitaja kama wengine wanavyotaja wajukuu.
Mizunguko mitatu na robo tatu, kwa hiyo
mnaanzia kule ng'ambo, kusiko na jukwaa,
ninyi na upepo na mzee wa bastola.
Makofi mtayakuta mbele, kama yapo.

Baba yake alikuwa mtu wa tanuri la chuma.
Majivu ya tanuri yalimwagwa uwanjani, yakashindiliwa,
na juu yake binti akajifunza kuvuta pumzi kwa hesabu.
Kisha mwaka ule, kona ya mwisho,
kiwiko cha msichana wa Cardiff.
"Hakukusudia," husema.
Siku za mvua huongeza: "Labda."

Medali tatu za dhahabu zimo kopo la biskuti
pamoja na vifungo na betri zilizokufa.
Ya fedha imekunjiwa gazeti,
inazuia dirisha la jikoni lisigonge.

Leo, namkausha goti la kushoto,
naona chini ya ngozi chembe nyeusi, nane,
nikashtuka, nikashika kalamu ya ripoti.
"Weka chini. Huyo ni baba."

Tanuri walilibomoa. Uwanjani wanaegesha magari.

Simu inalia: nimepitiliza dakika sita,
na Bwana Haddow wa ghorofa ya pili hajanywa chai.
Senga amekwisha inuka, hana fimbo,
hatua saba kutoka kitini hadi dirishani,
bega la kushoto limeinama kidogo
kama kwamba zulia lina kona.
Nikanyosha mkono.
"Usinishike," akasema. "Kaa njia ya pili."