Hatua Themanini

Bunduki ya baba ilikuwa ya komeo,
kitako kimepasuka, kimefungwa waya wa shaba,
na vyuma viwili vya kulengea:
pengo dogo huku nyuma, karibu na jicho,
na ncha kule mbele, nyembamba kama ukucha wa kuku.
Basi.

Mwenyekiti wa ushirika akamletea darubini kutoka Nakuru,
imeviringishwa kwa gazeti, ingali na harufu ya duka.
"Chumo, pongo wanatumalizia njegere.
Kwa hii utawaona hadi kope."
Baba akakaza skrubu mbili, akachungulia mara moja
upande wa Mau,
akazilegeza.
"Inamleta mnyama kwangu," akasema,
"nami sijaondoka nilipo.
Hizo hatua nimemwibia nani?"

Nilikuwa na miaka tisa, mbeba mfuko:
risasi tano, viazi vya kuchemsha,
chumvi kwenye kipande cha karatasi.
Molo alfajiri, ukungu hadi magotini,
pareto imelowa, viatu vimelowa,
naye ananong'ona bila kugeuka:
"Jicho ni bahili. Halikupi vitu vitatu kwa pamoja.
Pengo, ncha, mnyama:
kimoja tu ndicho kitakuwa safi.
Chagua ncha.
Mnyama mwache afifie."

Na asizidi hatua themanini.
Akizidi, tunatambaa,
au tunarudi kula viazi.

Mara nyingi tulikula viazi.

Kisha Julai ile.
Kitu cha rangi ya kahawia kimeinama kati ya njegere,
kinatikisa majani, kinatulia, kinatikisa.
Baba akasukuma komeo, taratibu,
kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.
Shavu likalala kwenye kitako.
Pumzi nusu akaitoa, nusu akaibana.
Nilijua anachokiona:
ncha, nyeusi, safi kabisa,
na nyuma yake doa la kahawia lisilo na jina.

Doa likakohoa.

Pongo hubweka. Hakohoi.

Alikuwa Kibichii wa mama Tapsabei,
sweta la shule, mashavu yamejaa,
maganda mabichi yamemning'inia kidevuni.
Hakutuona. Hadi leo hajatuona.

Baba akavuta komeo nyuma.
Risasi ikaruka, ikaangukia umande.
Niliiokota. Nilidhani itakuwa ya moto;
ilikuwa baridi kama kijiko.

"Darubini ingemwona," nikasema.
Mtoto husema tu.
Hakunijibu mlimani, hakunijibu langoni kwa kina Rono.
Tulipofika mtoni, akiosha mikono isiyo na damu,
akasema, "Ndiyo."

Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku uwindaji.
Majirani wakaja: pole, Chumo, wamekunyang'anya.
Akaipokea ile pole
kama mtu aliyepewa chenji ya mwenzake.
Mimi ndiye niliyejua
kwamba bunduki ilikuwa darini miezi kumi,
komeo lake ndani ya debe la mahindi,
na kwamba alikuwa ameenda kwa mwenyekiti, kofia mkononi,
kuiomba ile darubini.
Darubini peke yake.
Kila alfajiri alisimama nayo nyuma ya boma la ng'ombe
akilitazama shamba la njegere,
mstari baada ya mstari,
mpaka jua limkaripie.

Kibichii sasa ana kibanda soko la Molo.
Nikinunua kilo mbili huniongezea konzi,
"ya mzee," anasema, halafu anakohoa,
maana ukungu wa kwetu haujawahi kumpenda.

Juzi nilimpeleka baba Nakuru, kliniki ya macho.
Daktari, msichana mpole, akamwinua kidevu,
akamulika, akamulika tena.
"Mzee," akasema, "una mtoto wa jicho."

"Najua," baba akajibu.
"Tangu sabini na sita."

Daktari akaandika mwaka huo kwenye faili.