Shibiri na Upeo

Chini ya maji huwezi kubadili lenzi.
Hilo ndilo la kwanza, na ndilo linaloniweka
saa nzima mbele ya kabati la vioo, dukani Ruwi,
Sajeev akinipangia nyeusi tatu juu ya kitambaa
kama daktari wa meno.

Hii pana, isiyovutika: kali kama wembe,
itaingiza jabali zima na mpiga mbizi juu yake,
lakini konokono wa rangi, asiyezidi ukucha,
atabaki tone la wino.
Hii ya vidogo: utahesabu ndevu za kamba,
na papa akipita utapata pua.
Na hii ya kuvuta, ishirini na nane hadi sabini,
si bingwa wa lolote, wala haikatai kazi.

"Mshika mbili," nikamwambia,
kisha nikashindwa kumfasiria kilichomponyoka.

Nikauliza maswali ya mtu aliyewahi kupunjwa.
Inakaribia kiasi gani? Shibiri, akasema, shibiri kasoro.
Pembeni inafifia? Kidogo, ukiifungua sana.
Na ndani ya kasha langu, nyuma ya kuba la kioo,
gia ya kuizungushia ipo?
Ipo, ya kuagiza Dubai, wiki mbili,
riali thelathini na tano juu ya zile mia mbili themanini,
na hii ni mtumba, dada, tazama, mkwaruzo mmoja shingoni, sikufichi.
Nikajumlisha nyuma ya risiti ya petroli.
Nikajumlisha tena.

Simu ikalia. Hospitali. Zamu ya mama.

Mama ana mtoto wa jicho, jicho la kulia.
(Lugha yetu hata upofu imeupa mwana.)
Dokta Ibtihaj, binti wa Nizwa mwenye sauti ya chini,
ameweka mezani karatasi ya picha:
lenzi ya mbali, lenzi ya karibu,
na ya tatu, ya ghali, inayojaribu yote
na usiku huvika kila taa pete.
Mimi ndiye mkalimani, kwenda na kurudi,
kwa kuwa mama, miaka hamsini Maskati,
bado anaumwa kwa Kiswahili.

"Ya karibu," akasema, karatasi hajaigusa.
"Vya mbali nimekwisha kuviona.
Nataka tundu la sindano."

Nikarudi Ruwi nikanunua ile ya kuvuta.
Usiniulize mantiki.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa, visiwa vya Daimaniyat.
Maji ya kijani, mazito kama uji wa mgonjwa,
mita kumi na nne, kiwiko changu mchangani.
Nimevuta hadi sabini. Konokono wa zambarau,
pindo la rangi ya chungwa, anapanda sponji
kama bibi harusi asiye na haraka na mtu.
Ghania akagonga mtungi wake: ting, ting, ting.
Nikageuka.
Ukuta unatembea.

Papa shilingi.

Kidole gumba kikatafuta gia: sabini, sitini,
na hapo hamsini chembe ya mchanga ikaingia kwenye meno
ikasema basi.
Yeye akapita. Akapita. Bado akapita.

Picha moja tu ilisimama. Haina kichwa, haina mkia:
ngozi ya kijivu, na madoa meupe safu kwa safu
hadi nje ya fremu.
Mama alikuwa kitandani anatoboa kofia ya mjukuu.
Akaisogeza simu mpaka shibiri moja na jicho jipya,
akaanza kuhesabu kwa ncha ya sindano.
Alipofika arobaini na moja akauliza,
"Na samaki mwenyewe yuko wapi?"

Ndiye huyo, nikasema.

Akaendelea kuhesabu.