Jogoo kwenye Chuma

Wananiletea zikiwa zimefungwa katika kitenge
kama mtoto mwenye homa.
Hawatamki "bunduki."
Wanasema, "Fundi, Jogoo wangu anakohoa."
Wanasema, "Nyota yangu imeingiwa na mchanga,
iangalie polepole."

Karakana iko komini ya Kenya, nyuma ya kinu cha mahindi,
hivyo kila mtutu ninaousugua
hupakwa unga kabla ya mafuta.

Watu wa Jogoo hawakai benchi moja na watu wa Nyota.
Nimeweka mabenchi mawili, amani ikapatikana.
Wa Jogoo atakuambia: Nyota hupiga kushoto.
Wa Nyota atakujibu: kuwika anajua, kuua hajui.
Wote wamemkosa ngiri yule yule
upande wa Kasenga, asubuhi ile ile.
Mmoja alilaumu upepo,
mwenzake akalaumu jua, kikohozi, shemeji yake.
Chapa hailaumiwi.

Mwansa, kijana wa pupu,
aliyeunda yake kwa bomba la usukani wa lori,
huketi juu ya tairi.
Hana chapa ya kutetea.
Juzi alituletea nyama ya mbawala, tukachoma wote.
Hakuna aliyeuliza ilipigwa na nini.

Nisiwacheke sana.
Mimi tupa yangu ni chapa ya Funguo,
nikipewa nyingine kiganja kinanuna.
Nimewahi kupanda pikipiki hadi Kipushi, mvua ikinyesha,
kuifuata tupa
iliyokuwa imejaa tele duka la jirani
kwa jina lingine.

Sasa, Chilufya.

Chilufya alinunua Jogoo wake kwa marupurupu ya mgodi,
mwaka ambao mkewe alitaka cherehani.
Mama Chanda bado anautaja mwaka huo
akisonga bukari,
na mwiko unamsaidia kuutaja.

Kwanza kitako kilipasuka:
nikachonga kingine kwa mti wa mukula, mwekundu kama koo.
Kisha springi:
niliikata kutoka kufuli la lango la shule.
Kisha kifyatulio.
Kisha mtutu wenyewe ukavimba kama shavu la chura,
na sokoni mwezi ule hapakuwa na kitu,
nikamwekea (Mungu anajua hali ilivyokuwa)
mtutu wa Nyota.

Sikumwambia.
Nilihamisha tu kile kibati
chenye jogoo aliyeinua mguu mmoja,
nikakipigilia riveti mbili,
nikakipaka masizi kizeeke.

Siku ya tisa alirudi,
paja la swala likidondoka damu kwenye gazeti.
Akaliweka mezani, katikati ya parafujo zangu.
"Unaona? Miaka yote hii. Hakijabadilika kitu."
Nikasema naona.
Akapita mbele ya benchi la Nyota
akiwahurumia kwa sauti.

Usiku ule nilihesabu kilichobaki cha ile ya kwanza.
Kibati. Pete ya kamba.
Na jinsi anavyoinua bega kabla ya kulenga,
bega lililojifunza teke la chuma
ambacho nilishakiuza kwa kilo
kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, njia ya Kasapa.

Niliazimia kumwambia.
Niliazimia Jumatatu, niliazimia tena baada ya mvua.
Lakini mtu utamwambiaje
kwamba anayemwamini amekwisha kufa mkononi mwake,
na bado analenga sawa?

Wiki hii amekuja bila kazi yoyote.
Ameiegemeza ukutani, kitenge kikiwa wazi.
Benchi la Jogoo lilikuwa tupu, lina kivuli.
Akaenda kuketi kwenye lile jingine,
katikati ya watu wa Nyota, wakanyamaza.

"Mgongo tu," alisema, akinitazama mimi.
"Hili benchi limenyooka zaidi."

Kinu kikaanza kusaga.
Nikaitafuta tupa yangu
na ilikuwa mkononi.