Siku Sita

Mheshimiwa Mwenyekiti, jina langu ni Dorka Abuya,
wakili wa hisa na dhamana, mwaka wa kumi na tisa sasa.
Nimeapa. Kipaza sauti hiki kinakwaruza,
na feni ya ukumbi huu wa Kisumu
inalikata joto vipande, kisha inaturudishia.

Mmenitaka nieleze, kwa lugha ya wapigakura,
biashara ya taarifa za ndani ni nini.
Wahenga walitangulia: siri ya mtungi aijuaye ni kata.
Sheria inaongeza jambo moja tu:
kata ikishauona ufa,
isikimbilie gulioni kuuza mtungi.

Jumanne, bodi ya Sukari ya Nyakwere ilikutana,
madirisha yamefungwa, chai ya tangawizi, mandazi hayakuguswa.
Mhasibu alisoma tarakimu kama asomaye tanzia:
deni la benki, mitambo iliyokufa,
miwa iliyopimwa, ikasagwa, isilipwe.
Tukakubaliana umma utaambiwa Jumatatu.
Tangazo niliandika mimi.
Neno "changamoto" nililiweka mara nne.

Jumanne hadi Jumatatu ni siku sita.
Hesabuni kwa vidole, waheshimiwa. Nitasubiri.

Jumatano, saa tatu na dakika saba asubuhi,
shemeji wa mkurugenzi aliuza hisa laki nane
kwa shilingi kumi na mbili.
Alhamisi, kampuni isiyo na ofisi,
ila sanduku la posta Ahero,
iliuza milioni moja na nusu.
Ijumaa, dereva. Dereva, Mheshimiwa,
mwenye mshahara wa elfu ishirini na nane,
aliuza hisa ambazo sidhani
aliwahi kuambiwa kuwa ni zake.

Waliouza wamo katika kiambatisho cha tatu.
Lakini penye muuzaji pana mnunuzi,
na hilo ndilo lililonileta.

Alhamisi jioni simu yangu iliita.
Shangazi Felgona, mpishi mstaafu wa shule, Muhoroni,
miaka thelathini na mmoja akisonga ugali
kwa mwiko mrefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza.
"Dorka, kiinua mgongo kimebaki kidogo.
Hizi hisa za Nyakwere, niongeze?"

Nilisimama katikati ya jikoni.
Sheria niliijua hadi vifungu vyake vidogo.
Nikasema, "Shangazi, kuhusu kampuni hiyo
siwezi kusema neno."
Akacheka, kicheko cha mtu aliyedokezwa.
Alidhani nimeficha arusi, kumbe nimeficha kilio.
Ijumaa alinunua elfu tano.
Pengine zilikuwa za dereva. Soko halina sura.

Kufikia mwisho wa mwezi
hisa moja ilikuwa bei ya peremende.

Mheshimiwa pale kushoto ananiuliza, akitabasamu,
kama basi mimi ni msafi.
Sikuuza. Sikumnong'oneza mtu.
Mikono yangu ni safi kama ya aliyekuwa akinawa
nyumba ya jirani ikiungua.
Wala sijutii kunyamaza: ningemwambia yeye,
ningekuwa shemeji mwingine, mwenye machozi tu.
Ninazojutia ni zile siku sita.
Nilizipiga chapa mimi, nikaziwekea mhuri,
kama anayempa mwizi muda wa kufunga mizigo.

Kwa hiyo msituandikie sheria yenye maadili mengi.
Tuandikieni yenye saa.
Habari itoke kabla chai ya bodi haijapoa.
Na aliyeuza arudishe chote, si faini
anayoilipa kwa chenji ya mfukoni
huku akimuuliza karani kama kuna risiti.

Mnauliza kama jina la shangazi
liingie kwenye kumbukumbu za kamati.
Muulizeni mwenyewe. Ameketi safu ya nyuma,
kitambaa cha kijani, karatasi ya dalali
ndani ya mfuko wa nailoni.
Tangu asubuhi hajanitazama.
Karani, andika hivyo pia.