Maneno Arobaini na Mawili

Wametaka maneno elfu tatu, basi.
Tanbihi hazihesabiwi.
Mada: haki isiyo na nafuu, jadili.
Mwisho saa sita usiku, saa za Geneva,
na Mbaruku anafunga duka saa tatu,
saa za Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
umeme ukipenda.

Nina elfu tatu na arobaini na mawili.
Nakata.
"Kwa hakika" naitoa, haikuwa na hakika yoyote.
"Kimsingi." "Kama tujuavyo sote" –
sote nani? "Hata hivyo." "Kwa maana hiyo."
Kumi na moja yameanguka
na insha haijatoa hata tone la damu.

Bado thelathini na moja.
Ibara ya nane siigusi. Kamati siigusi,
wala yule jaji aliyeandika maoni ya peke yake
kurasa tisa, asifuatwe na mtu.
Mbaruku anainama begani kwangu na harufu yake ya wino,
anagusa kioo: "Hii hapa.
Ukiitoa hii, umemaliza."

Naihesabu kwa ncha ya kalamu:

Shangazi yangu, Zaituni Nyabenda, alikatwa vidole viwili na korona;
alipodai fidia, kampuni mpya ikamjibu kwamba vilikatwa zama za kampuni ya zamani,
na kampuni ya zamani haina tena hata mlango wa kugonga.

Thelathini na moja. Kamili,
kama nguo iliyopimwa kwa fundi.

Korona, watu wa Tanga mnaijua, si maradhi.
Ni mashine. Inameza jani bichi la mkonge,
inatema nyuzi na maji ya kijani,
na haiulizi kilichoshika jani ni nini.
Babu aliletwa toka Kasulu kuja kuilisha.
Walimpa namba. Manamba, wakaitwa,
na mjukuu wake leo anasomea sheria.

Sikuifuta. Niliishusha.
Nikapachika kijinamba baada ya neno "nafuu",
shangazi akateremka chini ya mstari,
herufi za ukubwa wa nane,
mahali pasipohesabiwa.
Elfu tatu, sawasawa.
Nikabonyeza, ikaenda.
Ndipo nikaitazama ile namba: kumi na saba.
Babu walimwandika wao.
Huyu nimemwandika mimi.

Pongwe, usiku, shangazi anaigeuza karatasi
kwa mkono ule wa vidole vitatu.
"Niko wapi?"
"Chini, shangazi. Kumi na saba."
Anaisogeza kwenye koroboi, anakunja uso,
ananyamaza mpaka wali unaanza kunukia ukoko.
"Hao wasomaji wako wana macho?"
"Wana miwani."
Anaepua sufuria kwanza.
"Kesho rudi kwa Mbaruku.
Pangu hapo anitolee kwa herufi kubwa.
Hiyo mia mbili yake nitalipa mwenyewe."