Nafasi Kati ya A na V

Huddersfield, Jumanne, mvua ya rasharasha.
Mzee Davey, fundi viatu, kanipigia tena:
"Hilo jina, likuze kidogo."
Nimelikuza mara sita. Faili linaitwa
mwisho, mwisho kabisa, mwisho wa kweli,
mwisho naapa.

Kijani nilichomwonyesha kwenye skrini kilikuwa jani la mgomba;
mashine ya kuchapa imekitema mchicha uliolala.
Ankara yangu imetimiza arobaini
na hakuna aliyeisomea dua.

Nikaenda kudai. Nikamkuta na buti la mtu,
anafumua mshono aushone upya,
ndani kabisa, chini ya soli,
pale ambapo hata mguu haufiki.
"Nani ataona?"
Hakuinua kichwa.
"Na wewe, ile A na ile V
ulizisogeza kwa ajili ya nani?"

Nilidhani hakuziona: herufi mbili
zimekaa kama mawifi walionuniana,
nami usiku mzima nazipatanisha
kwa upana wa unywele.

Hela, akasema, Ijumaa.
Nikatoka na kisigino cha kushoto kilichonyooka,
bure, na sauti yake nyuma yangu mlangoni:
"Lakini jina bado dogo!"