Chumba cha Asiyekuwepo

Faili lilikuwa giga moja na nusu.
Kwetu Kadutu, kwa mega za kukwangua,
lingeshuka wiki nzima
kisha likatike kwenye tisini na sita.
Nikapanda hadi Muhungu kwa Zihindula,
mlinzi wa ofisi yenye waya mzuri.
Akanifungulia saa nne usiku:
"Pakua unachopakua, ila taa usiwashe."

Nikarudi kwa ngazi za udongo,
mvua mgongoni, flashi ndani ya soksi.

Nyumbani kuran ilikuwa imeenda.
Nikaunga betri ya pikipiki,
kigeuzi kikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya kopo.
Nikaliita faili kwa jina lake lote refu,
lenye namba na vistari.
Likauliza: nikae wapi?
Na kabla sijajibu likapendekeza lenyewe,
kama mgeni mwenye adabu
anayeonyesha mkeka kwa kidevu.
Ndiyo, nikasema.
Kweli?
Ndiyo. Herufi moja tu.
Halafu nukta. Nukta. Nukta.
Nukta mstari mzima, na mwingine,
hadi Nsimire akaamka kuuliza ninahesabu nini.

"Kwa nini usijengee programu humo humo kwenye kidude?"

Kidude ni kibao cha ukubwa wa kipande cha mkate.
Kina Linux yake, ndogo, imekondeshwa,
na kumbukumbu ya kuazima.
Ukikiambia kijijengee, dada,
ni kusonga ugali kwa moto wa mshumaa.
Basi tunapika huku, kinakula kule.
Shida ni tumbo: si tumbo letu.
Kinachosagwa na kompyuta hii
kile kinakitapika.
Ndiyo maana hawa jamaa wametupa chumba chake,
kimekunjwa ndani ya faili:
rafu zake, maktaba zake, mizizi yake,
kila kitu mahali pake,
isipokuwa mwenyewe.

Nsimire akanyamaza.
Kisha akasema, taratibu,
"Kama kitanda cha Murhula."

Sikujibu. Nukta zilikuwa zimekwisha.

Saa saba nikajenga. Hakuna kosa hata moja,
na mimi nisiyekunywa nikatamani bia.
Nikaipitisha kwenye waya, nikaiamuru iende.
Kibao kikajibu: siwezi, umbo lake silo.
Nikaushuku waya.
Nikamshuku yule wa Nyawera aliyeniuzia kibao,
na risiti yake ya mkono.
Nikaishuku shule niliyosoma.
Saa tisa bado nilikuwa nashuku.

"Uliingia kwenye kile chumba?"
aliuliza Nsimire, uso ndani ya blanketi.

Sikuwa nimeingia.
Nilifungua dirisha jipya, nikasahau
ile nukta moja, nafasi, na njia ya lile faili la mazingira.
Kila dirisha huzaliwa halijui kitu.
Nikiwa nje, mashine ilinijengea kwa lugha yake yenyewe,
bila ubaya wowote.
Sisi je? Mlangoni pa bibi, Walungu,
tunavua Kiswahili pamoja na viatu
na kuokota Mashi pale pale kizingitini;
anayesahau husalimia vizuri sana
na haitikiwi.

Nukta. Nafasi. Njia. Nikaingia.
Nikajenga upya. Likapita.

Jumanne tukakifunga chini ya daraja dogo,
juu ya korongo lililokuja usiku ule
na ukuta wa jirani, na wetu.
Jicho lake linatazama maji tu.
Jioni namba zikaanza kuingia kwenye simu:
41.
41.
43.

Mama akauliza ni arobaini na tatu ya nini.
Sentimita, tukamwambia. Za maji.
Akageuka kukitazama kitanda,
akanyoosha shuka lisilokuwa na kikunjo.
"Kikeshe," akasema.
"Hela ya betri nitatoa mimi."